G.V. Black, mtoto wa shamba aliyepima meno ya watu

Mwanafunzi anayesomea kazi ya munganga wa meno hapewi mgonjwa siku ya kwanza. Anapewa nta. Anaambiwa: hili ni jino la mtu, liangalie vizuri, kisha litengeneze kwa nta mpaka lifanane nalo. Wengi wanafikiri ni mchezo wa watoto. Wiki ya kwanza inapita, ya pili inapita, na jino linaendelea kufanana na kipande cha muhogo.

Vipimo ambavyo mwanafunzi huyo anafuata, urefu wa jino, upana wake, mahali linapoanza kupungua kuelekea shingo, vilipangwa vizuri katika kitabu mwaka wa 1890. Aliyevipanga ni Greene Vardiman Black, Mmarekani ambaye shule alisoma kidogo sana. Alikufa mwaka wa 1915. Wanganga wa meno wa dunia nzima wanamuita baba wa kazi yao ya kisasa. Leo tunaelezea maisha yake, na mwishoni tutaona juu ya nini kazi yake ya mwisho inatugusa sisi wenye tunaishi karibu na volkano za Virunga.

Mtoto asiyependa darasa

Black alizaliwa tarehe 3 Agosti 1836, kwenye shamba karibu na mji mdogo wa Winchester, jimbo la Illinois. Wakati ule Illinois ilikuwa bado nchi ya mapori na wakulima wapya. Mtoto huyu hakupenda kukaa darasani. Alipenda kutembea porini, kuangalia wanyama, kufungua vitu na kujua namna gani vimefanywa ndani. Kwa macho ya majirani alikuwa mtoto wa kupoteza wakati.

Alipofika miaka 17, alienda kuishi na kaka yake Thomas, ambaye alikuwa munganga katika mji wa Clayton. Hapo ndipo alianza kusoma vitabu vya udaktari na kumsaidia kaka yake kwa wagonjwa. Mwaka wa 1857 akaingia kwa munganga wa meno mmoja wa mji wa Mount Sterling, anayeitwa Speer, na akafundishwa kazi kwa miezi michache tu. Kisha akarudi Winchester na kufungua mahali pake pa kazi.

Mtu wa leo anaweza kushangaa: miezi michache, na tayari ni munganga? Ndivyo ilivyokuwa. Marekani ya wakati ule ilikuwa na vyuo vichache sana vya meno; kile cha kwanza kilifunguliwa Baltimore mwaka wa 1840. Watu wengi walijifunza sawa vile fundi wa viatu ama fundi wa mbao anajifunza: unakaa pembeni ya mkubwa, unaangalia mikono yake, siku moja anakuachia chombo. Kulikuwa na mafundi wazuri, na kulikuwa na wengine waliotembea soko kwa soko wanang'oa meno na kuondoka mbele mgonjwa hajajua kilichompata.

Vita, kifo, na kuanza upya

Vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani ilipoanza, Black aliingia jeshi la upande wa Kaskazini, katika kikosi cha 129 cha Illinois. Kazi yake ilikuwa upelelezi, kutangulia mbele ya wenzake na kuangalia njia. Aliumia goti, akalala hospitalini kwa muda mrefu, akarudishwa nyumbani. Katika miaka ile ile mke wake wa kwanza alifariki.

Mwaka wa 1864 alihamia mji wa Jacksonville, palepale Illinois, na mwaka uliofuata akaoa tena. Jacksonville alikaa zaidi ya miaka 20. Mchana alitibu watu. Usiku alisoma. Alijifundisha kemia, alijifundisha kutumia darubini, akajifunza lugha za kigeni ili asome vitabu vya wataalamu wa Ulaya bila kungojea tafsiri. Mwaka wa 1884 alitoa kitabu juu ya sumu zinazotengenezwa na vijidudu, wakati ambapo wanganga wengi walikuwa bado hawakubali kwamba vijidudu vinaleta magonjwa.

Alikuwa pia fundi wa vyombo. Ni mmoja wa wale wa kwanza kutumia mashini ya kutoboa jino inayozungushwa kwa mguu, sawa vile fundi cherehani anakanyaga mashini yake. Alitengeneza chombo cha kupima nguvu ambayo mtu anauma nayo. Na vyombo vya mkono vya kusafisha tundu la jino alivipatia manambari: upana wa ncha, urefu wake, na jinsi ilivyopinda. Toka hapo fundi wa Chicago na fundi wa Paris wangeweza kuagiza chombo kile kile bila kuchanganyikiwa. Manambari hayo yanatumika mpaka leo.

Kupima jino moja moja

Sasa tufike kwenye kazi iliyobaki mikononi mwa wanafunzi.

Black alianza kufundisha katika chuo cha meno cha St. Louis, kisha Chicago. Kule aliona shida moja. Kila mwalimu alikuwa na maneno yake kwa sehemu za jino. Huyu anaita ncha hivi, mwingine anaiita vile. Mwanafunzi akihama chuo, ni sawa amehama nchi. Na hakuna aliyeweza kusema kwa uhakika jino la kawaida lina ukubwa gani.

Akakusanya meno ya watu, mengi sana, akayapima moja moja kwa milimita, akayakata katikati ili aone ndani, akayachora. Matokeo ni kitabu chake cha mwaka wa 1890 juu ya umbo la meno ya binadamu. Ndani yake kuna jedwali. Jino la mbele la juu, lile la katikati: kutoka ncha ya mzizi mpaka ukingo wa kuumia, milimita 22,5 kwa wastani; upana, milimita 9. Jino refu kuliko yote ni lile la pembeni lenye ncha, lile tunaita la mbwa: upande wa juu linafika milimita 26,5. Gego la kwanza la juu lina upana wa milimita 10 na zaidi kidogo.

Ni manambari makavu, lakini yalibadilisha kazi. Mbele yao, mwalimu alimwambia mwanafunzi kwamba jino lake halifanani, na mwanafunzi hakujua kosa liko wapi. Sasa mwalimu angeweza kuchukua kipimo na kuonyesha: hapa umezidisha nusu milimita, hapa umesahau bonde. Mkono ulipata mahali pa kujisahihisha.

Namna gani nta inageuka kuwa jino

Wakati Black alipoanza kazi, kulikuwa njia moja ya heshima ya kuziba jino kwa dhahabu: unachukua karatasi nyembamba ya dhahabu, unaigonga kidogo kidogo ndani ya tundu mpaka ijae. Mgonjwa alikaa kinywa wazi kwa masaa. Fundi alichoka, mgonjwa alichoka zaidi.

Mwaka wa 1907, munganga mwingine wa Illinois, William Taggart, alisimama mbele ya wenzake New York na kuonyesha njia nyingine. Tengeneza kwanza kile unachotaka kwa nta. Kizungushie matope ya plasta yanayovumilia moto. Choma, nta inayeyuka na kwisha, inaacha nafasi yenye umbo lake. Ndani ya nafasi hiyo ingiza dhahabu iliyoyeyuka. Ili dhahabu ifike mpaka kwenye pembe ndogo, Taggart aliisukuma kwa nguvu ya gesi. Njia yenyewe ni ya zamani sana; mafundi wa shaba wa Ife na Benin, kule Nigeria ya leo, waliijua karne nyingi mbele yake. Na munganga mmoja wa jimbo la Iowa, Philbrook, alikuwa ameieleza kwa kazi ya meno mwishoni mwa miaka ya 1890, lakini maneno yake hayakusikika. Taggart alitaka kulipwa na kila anayetumia njia yake. Wanganga walikataa, wakaenda mahakamani, na maneno ya Philbrook yakawa silaha yao. Taggart akapoteza.

Toka pale nta ikaingia katika kila chuo cha meno, na jedwali la Black likaingia pamoja nayo. Njia ya dhahabu na nta ilikuwa kwanza kwa kuziba matundu, kisha ikafika kwenye kuroni, ile kofia inayofunika jino lililoharibika.

Kazi yenyewe inaenda hivi. Mwanafunzi anapewa taya mbili za plasta, ya juu na ya chini, zimefungwa kwenye chombo cha chuma kinachofungua na kufunga sawa kinywa. Jino moja limechongwa likabaki kisiki. Anapaka kisiki mafuta kidogo ili nta isishike. Anapasha chombo chake kwenye moto mdogo wa spiriti, anachota tone la nta, analiweka. Moto ukizidi, nta inatiririka kila mahali. Ukipungua, inaganda kwenye chombo. Na nta ikipoa inajikunja. Kwa hiyo anaweka safu nyembamba, anangoja, anaweka nyingine. Mwenye haraka, kofia yake inainuka pembeni na kuacha ufa.

Halafu anajenga ncha. Anasimamisha vipande vidogo vya nta sawa milima midogo, kila mmoja mahali pake, kisha anafunga chombo: je, mlima huu unaangukia kwenye bonde la jino la upande wa pili? Kama hapana, anaondoa, anaanza tena. Ncha zikiwa sawa, anazungusha kingo, anajaza mabonde, anachora mifereji ambamo chakula kinapita. Mwisho anapaka unga mwepesi juu ya nta na kufungua-kufunga taya; mahali unga umeondoka ndipo meno yanagusana.

Mtu atauliza: juu ya nini kujisumbua hivyo kwa kitu ambacho kitaunguzwa? Sababu chuma kitafuata nta bila kuongeza wala kupunguza. Kama ncha imezidi urefu wa unywele, mgonjwa atauma upande ule peke yake, jino litauma, taya itachoka. Kama kofia haigusani na jino la jirani, nyama itaingia pale kila siku na fizi itavimba. Kama ukingo una ufa, jino litaoza chini ya kofia bila mtu kuona. Makosa yote haya kwenye nta yanasahihishwa kwa dakika tano. Kwenye kinywa cha mama fulani aliyelipa kwa akiba yake, yanakuwa maumivu na pesa.

Leo kuna mashini zinazochora kuroni kwenye kompyuta na kuichonga zenyewe. Hata hivyo vyuo vingi bado vinawapa wanafunzi nta. Mkono ambao haujatengeneza jino hauwezi kujua kama mashini imekosea.

Mkubwa wa chuo

Mwaka wa 1897 Black alichaguliwa mkubwa wa chuo cha meno cha Iniversite ya Northwestern, Chicago. Alibaki pale mpaka kifo chake. Mtoto aliyekimbia darasa sasa alipanga madarasa ya wengine.

Miaka hiyo hiyo alimaliza ugomvi mmoja wa zamani. Kwa watu wasio na pesa za dhahabu, wanganga walitumia mchanganyiko wa fedha, bati na zebaki. Wengine waliuita uchafu, sababu mara unapanuka na kupasua jino, mara unajikunja na kuacha nafasi. Black hakuingia kwenye matusi. Alipima. Alichanganya madini kwa viwango tofauti, akaangalia kila kimoja kinapanuka kiasi gani, mpaka akapata kiwango kinachotulia. Akakitoa kwa wote. Kwa njia hiyo jino la mtu wa kawaida liliweza kuzibwa vizuri kwa bei ya chini, na fomula yake ilitumika kwa miaka mingi sana.

Mwaka wa 1908 alitoa kitabu kikubwa cha kazi ya kuziba meno, vitabu viwili ndani ya kimoja. Aligawa matundu ya meno katika makundi matano kufuatana na mahali yanapotokea. Mgawanyo huo bado unafundishwa. Mwaka wa 1910 chama cha wanganga wa meno wa dunia kilimpa tuzo lake la Miller, na yeye ndiye alikuwa wa kwanza kulipata.

Si kila kitu alichosema kimebaki. Alifundisha kwamba tundu likionekana, munganga akate pia sehemu nzima iliyo karibu ambayo inaweza kuoza kesho. Leo tunajua jino zima ni mali, na wanganga wanajaribu kukata kidogo iwezekanavyo. Lakini yeye mwenyewe aliwaeleza wanafunzi wake kwamba siku inakuja ambapo kazi kubwa ya munganga itakuwa kuzuia, si kutengeneza. Kazi yake ya mwisho ilienda njia hiyo.

Meno ya rangi ya udongo

Katika mji wa Colorado Springs, munganga kijana Frederick McKay aliona jambo la ajabu toka mwaka wa 1901. Watu waliozaliwa pale walikuwa na madoa ya rangi ya udongo kwenye meno. Waliohamia wakiwa wakubwa hawakuwa nayo. Aliomba msaada, wengi hawakumjali. Black, ambaye alikuwa tayari mzee wa zaidi ya miaka 70, alikubali. Mwaka wa 1909 alienda Colorado, akaona kwa macho yake, na akatumia miaka yake ya mwisho kuchunguza meno hayo kwa darubini.

Walifikia mambo mawili. La kwanza: doa linaingia wakati jino linajengwa ndani ya taya ya mtoto, si baada ya kutoka. La pili lilimshangaza Black mwenyewe: meno hayo, hata kama ni mabaya kwa macho, hayakuoza kirahisi. Sababu hawakuipata. Black alifariki tarehe 31 Agosti 1915. Mwaka wa 1931 ndipo ilijulikana kwamba ni floridi, madini yaliyomo ndani ya maji, yakiwa mengi kupita kiasi. Kutoka hapo ikaeleweka kwamba kiasi kidogo kinalinda jino, na kiasi kikubwa kinaliharibu. Floridi iliyo ndani ya dawa ya meno unayonunua kwenye butike inatoka kwenye hadithi hiyo.

Sisi tunaielewa hadithi hii bila kwenda Colorado. Volkano za Bonde la Ufa zinatoa floridi nyingi. Kule Arusha, Tanzania, meno ya rangi ya udongo yanajulikana toka zamani. Na kwetu, kuzunguka Nyiragongo na Nyamulagira, watafiti wamepata floridi ya kupita kiasi katika chemchemi fulani, na hata katika maji ya mvua yaliyopita ndani ya moshi wa volkano. Watoto wa vijiji hivyo wanaonekana na madoa, na wenzao wanawacheka kwamba hawasafishi kinywa. Wasichana wengine wanajifunza kucheka huku wamefunika mdomo.

Kazi ya Black na McKay inatoa jibu kwa wale wanaocheka: doa hilo si uchafu. Limejengwa ndani ya jino mbele halijatoka, na mswaki hautaliondoa. Kulisugua kwa mchanga ama mkaa kunaharibu jino bure. Kuchemsha maji kunaua vijidudu lakini hakuondoi floridi; maji yakipungua kwenye sufuria, floridi inabaki yote. Kinachosaidia ni kubadilisha chanzo cha maji ya kunywa na ya kupikia kwa watoto wadogo, hasa katika miaka nane ya kwanza, wakati meno ya ukubwa yanajengwa. Kama kijiji kina chemchemi mbili na watoto wa moja tu ndio wana madoa, wazee wa kijiji wana jambo la kupeleka kwa watu wa afya wa zone yao, ili maji yapimwe.

Mwaka wa 1918, wanganga wa meno walimsimamishia Black sanamu katika bustani ya Lincoln Park, Chicago. Iko pale mpaka leo.